TAHADHARI mafundi wa Mombasa: mota za stepa zenye enkoda feki, kagueni kabla hamjatuma pesa

Ndugu zangu, haswa nyinyi mnaochonga milango na vitanda kwa rauta, ile mashine ya kuchonga ya kompyuta, someni hii. Kuna jamaa anauza mota za stepa, zinazozunguka hatua kwa hatua, saizi ya NEMA 23, za klozi lupu (nyuma kuna enkoda, kifaa cha kuhesabu mzunguko, inayorudisha habari shafti imefika wapi), seti nzima na draiva, kile kisanduku kinachoiendesha mota, bei ya chini kuliko kokote. Duka hana, mwapatana kwa simu akuletee Mwembe Tayari kando ya barabara, na M-Pesa iingie kwanza ndio afungue boksi.

Mota yenyewe nzima, wizi uko nyuma kwenye enkoda. Stika inasema 1000, yaani mistari ya kuhesabu kwa raundi moja, ndani ni ya 600, na ukiikwaruza stika kwa ukucha unakuta gundi ya stika nyingine chini yake.

Sasa hesabu iko hivi. Mota ya digrii 1.8 ni stepu 200 kwa raundi, ukiweka maikrostepu 16, yaani kila stepu igawanywe mara 16, inakuwa palsi 3200 za amri. Enkoda ya 1000, kila mstari husomwa mara nne kwahivo draiva inangoja hesabu 4000 kila raundi, yaani 1.25 kwa kila palsi moja. Hii ya 600 inarudisha 2400 tu, draiva inaona mota imebaki nyuma kwa 1600 ilhali shafti imefika sawasawa, raundi ya pili pengo ni 3200, pengo linazidi tu mpaka alamu iwake kazi isimame. Ndio maana akikuonyesha anasogeza robo raundi hivi na kuzima haraka, pengo bado dogo alamu haijashtuka.

Ukimpigia anasema inataka kalibresheni, lete elfu tano. Uongo mtupu, maana ratio, ile 1.25 ya enkoda kwa palsi, inapigwa hesabu haibahatishwi. Akija anachofanya ni kuitoa draiva kwenye klozi lupu, enkoda haisomwi tena, alamu kimya, na mota ikiruka stepu hakuna wa kukwambia. Nimeletewa mlango wa mbambakofi, mfaa, ule mti wa katikati, umechongwa safi hadi nusu halafu nakshi zote zimehama upande, mbao ya pesa hiyo jamani na mteja wa watu anangoja! Imeniuma sana.

Kabla hujalipa beba Arduino, kile kibodi kidogo cha kuprogramu, uiunge na enkoda ihesabu. Mota isiwe na umeme, piga alama ya makapeni kwenye shafti na kwenye bodi, zungusha kwa mkono raundi kumi. Ikija karibu na 40000 chukua, ikija 24000 mrudishie hapo hapo. Programu yako ikihesabu chaneli moja bila kuzidisha itakuwa 10000 au 6000. Akikukataza kupima, ondoka.

Uliyenunua tayari usitupe, kama draiva yako inakubali kuandikiwa enkoda weka 600, ratio iwe 0.75, itafanya kazi ila usomaji ni digrii 0.15 badala ya 0.09.

Laini za simu anabadilisha kila mara kwahivo wekeni mesej za M-Pesa na picha za stika, twende tuandikishe polisi Central pamoja, mmoja mmoja hatusikizwi.