Seti ya kukatia viraka: kisu kizuri, rula nzuri zaidi, mkeka hivi hivi

Mimi ni mshonaji wa mifarishi ya viraka, na mkono wangu ni wa kushoto. Nalitaja hilo mapema kwa sababu vifaa vingi vya ushonaji vinatengenezwa kana kwamba sisi hatupo. Seti hii ina vitu vitatu: kisu cha gurudumu (wembe wake ni wa duara, unabingirika juu ya kitambaa) chenye kipenyo cha milimita 45, mkeka wa kukatia na rula pana ya plastiki angavu. Ukifungua parafujo ya kisu, wembe unahamia upande wa pili. Hapo tu nikakipenda.

Kampuni ya OLFA ya Japani ilitoa kisu cha kwanza cha namna hii mwaka 1979, na hiki changu ni mwigo wake tu, lakini kinakata. Mkasi hunyanyua kitambaa kila unapofungua mdomo. Gurudumu linakiacha kimelala, kwa hiyo safu nne za pamba zinatoka sawasawa kwa msukumo mmoja. Nisichokipenda ni kifuniko cha wembe, ambacho lazima ukirudishe kwa kidole gumba. Penye watoto, tafuta kisu kinachojifunga chenyewe ukikiachia mpini.

Kwangu rula ndiyo mali hasa. Kiraka cha inchi mbili na nusu, ukitoa robo inchi ya mshono kila upande, kinabaki inchi mbili kamili. Mkato ukizidi au kupungua moja ya kumi na sita ya inchi tu, mstari wa viraka kumi unakosana na wenzake kwa zaidi ya nusu inchi, na hakuna pasi itakayoficha hilo. Rula hii ina alama za moja ya nane hadi katikati, si ukingoni pekee. Anayekata pembetatu anajua kwa nini nashangilia: ukitaka mraba wa inchi tatu uliounganishwa kwa pembetatu mbili, unaanza na miraba ya inchi tatu na saba ya nane, kisha unaikata mshazari. (Na ukishakata mshazari, pasi iwe ya kubonyeza na kuinua. Ukiiburuta, kitambaa kinavutika na pembe zinakwenda zao.)

Mkeka sasa. Makovu ya wembe yanajiziba vizuri, ila mistari iliyochapwa juu yake haikubaliani na rula yangu. Napimia rula, mkeka naufanya wa kulalia tu. Usiuanike juani wala usipigie pasi juu yake. Ukishajikunja haunyooki tena.

Kwa karatasi, weka wembe wa pembeni, kwa sababu karatasi huumaliza makali haraka. Mimi nautumia ule uliochoka kukatia vigezo vya pembe sita, vile vya kukunjia kitambaa na kupiga bandi kabla ya kuunganisha kwa mkono. Kingo zilizonyooka zinatoka safi sana. Mapambo ya karatasi yenye matundu na kona za ndani usijaribu kabisa: gurudumu likifika chini kwenye kona, huku juu limeshavuka mstari. Kazi hiyo ni ya kisu chenye ncha kali.

Utajuaje wembe umepata pengo? Tazama mkato. Nyuzi mbili tatu zikibaki hazijakatika, halafu tena mbele yake, kila baada ya sentimita 14 hivi, hiyo ni duru moja ya gurudumu: badilisha wembe. Zikibaki mahali palepale pa mkeka kila mara, basi ni mfereji wa mkeka, wembe hauna kosa.

Kama vinauzwa kimoja kimoja, chukua kisu na rula, na mkeka utafute mwingine mnene zaidi. Nyembe za akiba chukua siku hiyo hiyo, maana seti inakuja na mmoja tu.