Mvinje wa debe kutoka kitalu cha Bamburi, baada ya Krismasi mbili

Mti wetu wa Krismasi wa plastiki ulidumu miaka minne. Joto la kaskazi liliukausha ukawa unakatika kila ukiguswa, na vinyuzi vyake vya kijani vikajaa sakafuni. Nilivifagia nikijua vinakoishia: mtaroni, na mvua ikinyesha, baharini. Nikaapa sinunui mwingine.

Kitalu ninachokisifu kiko Mombasa, kando ya barabara ya Malindi, ukishapita Bamburi Mtambo, chini ya miembe miwili. Hakina bango. Nilikwenda kutafuta mkipresi kama ile inayoletwa kutoka bara, lakini mzee mwenye kitalu akakataa kuniuzia.

"Mama, mkipresi utakufia na hili joto. Chukua mvinje, huu umeizoea pwani yetu."

Kwangu mvinje (Waingereza huuita casuarina) ulikuwa boriti za kujengea tu. Lakini mzee alisema kweli. Mti huu hauogopi chumvi wala upepo, na hata kwenye udongo mbovu unajilisha, maana bakteria wa mizizini huupatia naitrojeni ya hewani, ambayo ni chakula cha mimea. Ndio mti ambao René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliupanda mwaka 1971 kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, palipokuwa mwamba mtupu. Majani yaliyopukutika yakagoma kuoza mpaka alipoleta majongoo wakayala, na mbolea yao ikawa udongo. Leo pale ni Haller Park, na wanangu hawakuamini nilipowaambia msitu ule ulianza na mti kama wa sebuleni kwetu.

Nililipa shilingi 650 kwa mche wa kimo cha mtoto wa darasa la pili. Ukiurudisha mzima kabla ya katikati ya Januari, unarudishiwa nusu ya pesa. Mapatano haya ndiyo yaliyonivutia zaidi, kwa sababu mti ule ule unakwenda kwa mwingine au unapandwa.

Sasa kasoro. Matawi ya mvinje ni laini. Mipira yetu ya zamani ya mapambo iliyainamisha hadi yakagusa debe, tukaitoa yote. Jirani yangu anayesuka mikeka akatufumia nyota za ukili, na fundi wangu wa cherehani akanipa vipande vya leso nikakata utepe. Watoto walitaka makombe ya ufuoni Nyali, nikawakataza: kuna kaa wanaoishi humo. Zawadi nazo tulizifunga kwa leso, na kila aliyepewa akabaki na leso yake.

La pili, mvinje hautaki kufungiwa ndani. Siku ya tano ncha zilianza kuwa njano. Nikauhamishia barazani mchana, jioni naurudisha sebuleni na kuumwagilia kopo mbili za maji, ukapona.

La tatu linaniuma hasa. Miche yote imo katika mifuko myeusi ya nailoni, inayopasuliwa na kutupwa pale pale. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017 isingepaswa kuotesha miti ndani ya nailoni. Nimemwomba mzee ajaribu vifuu vya nazi kwa miche midogo. Vifuu hapa vinatupwa kila siku. Amesema atajaribu. Hadi atakapofanya hivyo, nawapa nyota nne kati ya tano.

Mti wa kwanza sikuurudisha. Tuliupanda kwa mama yangu kule Rabai, na umeshamzidi mume wangu kimo. Wa mwaka jana niliurudisha, nikalipwa nusu yangu bila maneno.

Ukienda, nenda kabla ya tarehe 10 Desemba, kwa sababu miche iliyonyooka huisha mapema. Beba debe lako, ulitoboe chini. Na kwenye tuktuk mti usimame wima kati ya magoti yako. Wangu wa kwanza niliulaza, ukafika umevunjika ncha.