Montgomery kwa tiketi ya dola tano: uzoefu wangu wa siku mbili

Bibi yangu kule Ng'ambo, Unguja, ana kipande cha kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, rangi ya tui. Anakiita merikani. Utotoni nililalia godoro la sufi lililoshonewa mfuko wa merikani, na miaka yote ya skuli sikuwahi kuuliza jina hilo lilitoka wapi. Nimelielewa vizuri mwezi wa Machi, nikiwa Montgomery, Alabama, ndani ya jengo lililosimama palipokuwa na ghala la pamba. Kwa hiyo maelezo yangu yatakuwa marefu kidogo, mnivumilie.

Ninachokieleza ni sehemu tatu za Legacy Sites, kumbukumbu za utumwa na ubaguzi zinazoendeshwa na Equal Justice Initiative, taasisi aliyoianzisha mwanasheria Bryan Stevenson mwaka 1989. Kuna makumbusho yenyewe, Legacy Museum. Kuna kilima cha kuwakumbuka waliouawa, National Memorial for Peace and Justice. Hizo mbili zilifunguliwa Aprili 2018, na makumbusho yakahamia jengo kubwa zaidi mwaka 2021. Ya tatu ni bustani ya sanamu kando ya Mto Alabama, Freedom Monument Sculpture Park, iliyofunguliwa 2024. Tiketi moja ya dola 5 inakuingiza kote, na basi dogo la kukuhamisha kutoka sehemu moja hadi nyingine limo humohumo. Mimi mwanafunzi ninayehesabu kila senti nililipa nikiwa bado siamini.

Nilitoka Atlanta, ninakosoma, kiasi cha kilomita 260. Basi nililopanda liliondoka likiwa limechelewa saa mbili nzima bila mtu kutuambia neno, na kama ningekuwa na ratiba ya siku moja safari ingekuwa imeharibika. Kilichoniokoa ni kwamba saa za Alabama ziko nyuma ya za Georgia kwa saa moja. Kumbukeni hilo wakati wa kurudi, maana hapo saa hiyohiyo mnaipoteza.

Makumbusho yanaanza na bahari. Unaingia chumba chenye giza, ukuta mzima mbele yako ni mawimbi ya Atlantiki yanayokujia, na mvumo wake unausikia kifuani. Maandishi yanakueleza kwamba Waafrika zaidi ya milioni 12 walichukuliwa kuvuka maji hayo, na karibu milioni 2 hawakufika. Ukisonga mbele unakuta vichwa vya watu vilivyochongwa, vimetapakaa kama vilivyo chini ya bahari. Aliyevichonga ni Kwame Akoto-Bamfo wa Ghana. Mimi ni mtoto wa kisiwa, bahari nimeizoea tangu sijajua kusoma, lakini pale nilitafuta mahali pa kushika.

Halafu kuna vizimba. Unakaribia nondo, kivuli cha mtu kinajitokeza na kuanza kusema nawe: mama anayeuliza kama umewaona watoto wake. Watu walisimama hapo muda mrefu bila kuongea. Kupiga picha humo ndani hakuruhusiwi, na nawashukuru waliopitisha uamuzi huo, kwa sababu simu zikiwa mfukoni watu wanatazama kwa macho yao.

Sehemu iliyonishika zaidi wengine waliipita haraka. Ni ile ya pamba. Mwaka 1860 Alabama peke yake ilikuwa na watumwa wapatao 435,000, na Montgomery ilikuwa mji wa mnada: watu waliletwa kwa mto na kwa reli, wakatembezwa Commerce Street hadi sokoni. Pamba waliyochuma ilipanda meli kwenda Uingereza, na nyingine kaskazini kwenye viwanda vya New England. Nilipofika hapo nikakaa kwenye benchi, kwa sababu kutoka New England kuendelea hadithi naijua mwenyewe, ni ya kwetu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, mji wa hukohuko New England, walileta kitambaa cha viwanda hivyo Unguja. Sultani wetu Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, na konsuli wao akafika 1837. Kitambaa kikaitwa kwa jina la kilikotoka. Kilibebwa mabegani mwa wapagazi hadi bara, kikanunua pembe za ndovu, na watumwa wa Unguja ndicho walichovaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko Marekani mwaka 1861 pamba ikakatika, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi, lakini jina lilibaki midomoni mwetu mpaka leo.

Kwa hiyo mtumwa wa Alabama alichuma pamba iliyokuja kumsitiri mtumwa wa Unguja, na hakuna kati yao aliyejua habari za mwenzake. Hilo sikuliona limeandikwa popote mle ndani, na hapa ndipo ninapopunguza maksi. Makumbusho yanaifuata pamba hadi kiwandani, kisha yanaiacha. Ningependa sana siku moja waweke ramani inayofika hadi Forodhani.

Tulipelekwa kwenye kumbukumbu ya kilimani mchana. Hapa sitaandika mengi kwa sababu maneno yanapungua. Ni zaidi ya nguzo 800 za chuma chenye rangi ya kutu, kila moja ya kaunti moja ambamo watu weusi waliuawa na makundi ya watu weupe kati ya 1877 na 1950. Majina yamechongwa juu yake, na waliothibitishwa ni zaidi ya 4,400. Mwanzoni nguzo zimesimama usawa wa uso wako, unaweza kusoma kila jina. Kadiri unavyotembea sakafu inashuka taratibu, nguzo zinabaki juu, mwisho zinaning'inia juu ya kichwa chako na unasoma umeinua shingo. Ukutani wameandika sababu. Jesse Thornton, Luverne, Alabama, 1940: aliuawa kwa kutomwita polisi mzungu kwa jina la heshima, yaani kutosema "mister". Mimi nimelelewa mahali ambapo kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni aibu kwa wazazi wako. Heshima kwetu inafundishwa kwa upendo. Kuona imegeuzwa kuwa kitu cha kumuulia mtu kulinikaa kifuani hadi usiku, sikula.

Nje wamelaza nakala za nguzo hizo kwa safu, kama majeneza. Kila kaunti inasubiriwa ije ichukue ya kwake. Tafuta muda wa kutembea katikati ya safu hizo. Wengi huishia ndani wakakimbilia basi.

Lakini chakula cha siku ya pili nilikula vizuri. Ndani ya makumbusho kuna mgahawa, Pannie-George's Kitchen, wa mapishi ya watu weusi wa Kusini. Sahani yangu ilikuwa na kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi na collard greens, ambazo ni sukuma wiki ileile, ila wao wanaichemsha muda mrefu hadi iwe laini kabisa na inaachia supu ya kuloweka mkate. Kwa Waislamu wenzangu: ulizeni kwanza, maana mboga hizi Kusini mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe. Mama aliyekuwa akipakua hakuona vibaya hata kidogo, alinieleza kila chungu kina nini na akaniongezea mkate.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwenda bustani ya sanamu kwa boti. Chagueni boti kuliko basi. Mto Alabama ulitumika kuwaleta watumwa Montgomery, na ukifika kwa maji unaelewa kwa nini bustani imewekwa pale. Ukishuka unakutana na Brick House, sanamu ya shaba ya Simone Leigh, mwanamke mkubwa asiye na macho ambaye kiwiliwili chake ni kama nyumba. Mbele kuna vibanda vya mbao vya miaka ipatayo 170, vimehamishwa kutoka shamba la pamba la karibu. Niliingia kimoja, nikapima kwa hatua zangu. Nimeshalala kwenye chumba kidogo kuliko hicho, lakini sikuwahi kukilalia nikiwa mali ya mtu.

Mwisho wa njia kuna ukuta kama kitabu kilichofunguliwa, urefu kwenda juu mita 13, upana mita 47 hivi. Umechongwa majina ya ukoo 122,000, ambayo watu weusi milioni 4.7 waliandikwa nayo katika sensa ya mwaka 1870, ya kwanza baada ya uhuru. Kabla ya hapo, watumwa sensa iliwahesabu tu, bila majina. Mzee mmoja aliyekuja na wajukuu wake alilipata jina lake na akaweka kiganja juu yake, hakukiondoa hadi wajukuu wote watatu wamepita na kuligusa. Aliniuliza langu, nikamwambia letu halipo, kwetu unachukua jina la baba na la babu. Akasema basi nimtajie. Nikamtajia hadi babu wa nne, nilipoishia kuwajua.

Mambo mengine ya Montgomery niliyapitia kwa miguu. Makumbusho ya Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, yako mahali alipokamatwa tarehe 1 Desemba 1955. Yanatosha saa moja, na yanaeleza vizuri jinsi watu walivyoendesha mgomo wa mabasi siku 381 kwa kuchangiana magari na kutembea. Kanisa la Dexter Avenue, alikohudumu kama mchungaji Martin Luther King, kiongozi wa kupigania haki za watu weusi, kuanzia 1954 hadi 1960, ni dogo kuliko nilivyofikiria, la matofali mekundu, hatua chache kutoka jengo kuu la serikali ya jimbo. Mwaka 1959 King alikutana na Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, kule Atlanta, na mwaka huohuo wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki wakaruka kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Mboya. Mwanafunzi yeyote wa kwetu aliyeko huku ana haki ya kusimama mbele ya kanisa lile dakika tano.

Ushauri wangu: msiende kwa siku moja. Wekeni siku mbili, makumbusho asubuhi ya kwanza mkiwa na nguvu, kilima baadaye, bustani siku ya pili. Vaeni viatu vya kutembelea, kwa sababu bila gari mtatembea sana. Watoto wadogo wasipelekwe kwenye vizimba wala kilimani. Kwa tiketi ya dola 5 sijapata kuona huduma iliyotunzwa hivi, kuanzia usafi hadi jinsi wafanyakazi wanavyomwachia mtu nafasi akianza kulia.

Usiku ule nilimpigia bibi, nikamwambia merikani yake ilitoka wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama waliochuma walikuwa wanawake pia. Nikamwambia ndiyo, na watoto. Akasema kile kipande kilichobaki hatakishona kitu tena, atakikunja anitunzie. Nikirudi Unguja likizo ya Disemba nitakichukua, na safari yangu ya pili Montgomery nitakwenda nacho.