Etaloni moja au mbili kwenye darubini ya Jua

Etaloni ni kichujio kinachopitisha ukanda mwembamba sana wa mawimbi ya mwanga. Moja yenye ukanda wa upana wa takriban angstromu 0.7 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita) hupitisha mwanga wa haidrojeni-alfa, yaani mwanga mwekundu wa haidrojeni wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.28, pamoja na mwanga kiasi wa pembeni unaofifisha nyuzi nyeusi za usoni mwa Jua. Ukiongeza ya pili, upana hupungua hadi karibu angstromu 0.5 na nyuzi hizo hujitokeza wazi, ingawa taswira huwa na giza zaidi. Kwa ndimi za gesi zinazochomoza ukingoni, naona moja yatosha. Mbili zina usumbufu wake: kila moja hurekebishwa peke yake, na mojawapo huinamishwa kidogo ili kuondoa taswira pacha zinazotokana na mwanga unaoakisiwa kati yao, lakini ikiinamishwa kupita kiasi, mwanga unaopita husogea kuelekea mawimbi mafupi.