Mafunzo ya kupima na kutibu maumivu ya nyonga: niliyoyapata na yaliyopungua

Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka tisa, mingi yake kwenye migongo na magoti, na kwa miaka hiyo yote kulikuwa na swali nililolikwepa. Mgonjwa akisema mgongo unamuuma, nilimuuliza anavyolala, anavyoinama, anavyobeba mzigo. Akiongeza kwa sauti ya chini kwamba na huku chini kunauma, hasa akikaa, niliandika apelekwe kwa daktari wa wanawake, nikarudi kwenye mgongo. Wengi walikuwa wameshapita huko. Walinirudia na picha ya ultrasaundi isiyoonyesha kitu, mkojo usio na vijidudu, na maumivu yaleyale. Nilijiandikisha kwenye mafunzo haya kwa sababu ya hao.

Kozi ina sehemu mbili: masomo ya video unayoyafuata kwa muda wako, kisha siku tatu za vitendo ukumbini. Tulikuwa washiriki kumi na wanne na wakufunzi wawili.

Video ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Anatomia inafundishwa polepole, tabaka kwa tabaka, na neva ya pudenda, inayobeba hisia za sehemu za siri, inafuatwa kutoka mizizi yake chini ya uti wa mgongo (S2 hadi S4), ikipita mfereji wa Alcock, njia nyembamba ndani ya nyonga, mpaka inapogawanyika kwenye msamba. Somo lililonigusa zaidi lilikuwa la mazoezi ya kukaza. Tangu Arnold Kegel aandike kuhusu mazoezi hayo mwaka 1948, akiwa na wanawake waliovuja mkojo, wengi wetu tumebaki na wazo moja: sakafu ya nyonga, yaani misuli ya chini inayoshikilia kibofu, uke na njia ya haja kubwa, ikiwa na shida, ni dhaifu, basi ikazwe. Kwa wengi wenye maumivu, mambo yako kinyume. Misuli imekaza muda wote na haijui kuachia. Mkufunzi alituambia tukunje ngumi kwa dakika mbili, halafu, bila kuifungua, tukunje tena kwa nguvu. Hakuna kilichoongezeka. Ukiupima msuli wa namna hiyo utauona dhaifu, kumbe hauna pa kwenda. Nilisitisha video nikawakumbuka wagonjwa watatu au wanne niliowapa karatasi ya mazoezi ya kukaza, na mmoja aliyeniambia yanamuumiza zaidi. Nilimsisitiza aendelee. Hilo bado linanikaa rohoni.

Siku ya kwanza ya vitendo hatukumgusa mtu. Asubuhi nzima ilikuwa ya kuuliza na kusikiliza. Tulikaa wawili wawili, na kila mmoja alitakiwa kutamka waziwazi: uke, msamba, njia ya haja kubwa, tendo la ndoa, choo kigumu. Ukisema "huko" au "sehemu hiyo", mkufunzi alikusimamisha, uanze upya. Wazee wanasema mficha uchi hazai, na mimi nimekuja kuona kwamba mara nyingi anayeficha ni yule anayeuliza. Mgonjwa anasoma uso wako kwanza. Akiona umetahayari, atakupa nusu ya habari.

Mchana ulikuwa wa dalili zinazotaka mgonjwa arudishwe kwa daktari bila kuchelewa: ganzi kwenye msamba na upande wa ndani wa mapaja, kushindwa kukojoa, damu baada ya hedhi kukoma, kukonda bila sababu, homa. Halafu vipimo vya nje. Hapa kozi ina nguvu sana, na hata mtaalamu wa fiziotherapia wa kawaida asiyetaka kabisa kufanya uchunguzi wa ndani atanufaika. Kwa kiungo kati ya sakramu (mfupa wa chini ya mgongo, juu ya kitokono) na mfupa wa nyonga tulifanya vipimo vitano kwa pamoja, na tukasubiri vitatu au zaidi viamshe maumivu anayoyajua mgonjwa kabla ya kukishuku kiungo hicho. Kwa tumbo tulijifunza kipimo cha Carnett cha mwaka 1926, rahisi mno: bonyeza panapouma, mwambie ainue kichwa na mabega. Maumivu yakizidi, shuku ukuta wa tumbo wenyewe. Yakipungua, chanzo huenda kiko ndani zaidi. Nimekitumia kila wiki tangu nirudi kazini.

Siku ya pili ndiyo niliyoiogopa. Uchunguzi wa ndani tulifanyiana sisi kwa sisi, kwa hiari, nyuma ya pazia, na aliyekataa alipewa mfano wa plastiki bila kuulizwa sababu. Nilikubali kuwa mgonjwa, na ninamshauri kila anayeweza akubali pia. Nililala chali, shuka likiwa juu ya magoti, mwenzangu akiwa ameshavaa glovu, na ghafla nikajua mambo ambayo hakuna kitabu kilichonieleza. Kwamba kimya cha mchunguzi kinatisha. Kwamba ukiambiwa "legea" unakaza. Kwamba akikuambia mapema, "sasa nitagusa upande wa kushoto, ukitaka niache sema acha", pumzi inashuka yenyewe. Ridhaa iliombwa kila hatua, si mara moja mlangoni, na kila mmoja wetu aliagizwa kusema "acha" walau mara moja ili mwenzake ajifunze kutoa kidole papo hapo bila kujitetea.

Upimaji wenyewe unafuata uso wa saa: mfupa wa kinena ni saa kumi na mbili, njia ya haja kubwa ni saa sita, na unatembea kwa kidole kimoja kutafuta panapokaza na panapoamsha maumivu anayoyajua mgonjwa. Msuli wa obturata wa ndani, unaozungusha paja kwenda nje, unaupata kwa kumwambia asukume goti nje dhidi ya mkono wako wa pili. Ukikaza, unausikia ukivimba chini ya kidole. Nguvu tuliipima kwa mizani ya Oxford ya 0 hadi 5, lakini mkufunzi alikuwa akirudia kuuliza: ameachia kwa muda gani? Ameachia kabisa au nusu? Kwa maumivu ya mlangoni mwa uke hutumii kidole kabla ya pamba kwenye kijiti, unagusa kidogokidogo na kuandika kila pahali panapochoma. Ikiwa pamba tu inamtoa machozi, uchunguzi wa ndani hauna kazi siku hiyo.

Tiba ilichukua nusu ya siku ya tatu: kupumua kwa kiwambo (msuli wa pumzi chini ya mapafu) mpaka sakafu ishuke na pumzi, mgandamizo wa polepole juu ya vifundo vya msuli, namna ya kukaa chooni bila kusukuma, vipanuzi vya uke kwa ukubwa unaopanda taratibu. Nilipenda kwamba hawakuuza miujiza. Walituonyesha utafiti wa FitzGerald na wenzake wa mwaka 2012, wa wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu: waliopata tiba ya mikono kwenye misuli ya nyonga, asilimia 59 walisema wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 26 ya waliopata masaji ya mwili mzima. Papo hapo wakatuambia kwamba alama za maumivu zilishuka kwenye makundi yote mawili bila tofauti kubwa. Mkufunzi anayekupa namba nzuri na ile inayoipunguza makali, huyo ninamwamini.

Sasa yaliyopungua. Somo la wagonjwa wanaume lilipewa saa mbili, mwisho wa siku ya tatu, watu wakiwa wameshaanza kufunga mabegi. Wengi wa wanaoambiwa wana prostatitisi (uvimbe-uchungu wa tezi dume) ya muda mrefu hawana bakteria wowote, wanapewa antibiotiki awamu baada ya awamu, na wanastahili zaidi ya slaidi zilizokimbizwa. Maumivu ya neva ya pudenda, yale yanayozidi ukikaa, yasiyomwamsha mtu usiku, na mara nyingi kupungua ukikaa kwenye kiti cha choo, yalipita kwa dakika kumi. Kilichoniuma zaidi ni somo la wagonjwa waliowahi kubakwa au kudhulumiwa: nusu saa. Mtu anaweza kutoka pale na ujuzi wa kidole bila ujuzi wa kukaa na mgonjwa anayeanza kutetemeka. Niliyaandika haya yote kwenye fomu ya maoni, kurasa mbili. Tena, ukimaliza umemaliza: hakuna mtu wa kumpigia ukikwama na mgonjwa wa kwanza.

Wangu wa kwanza alikuja wiki ya pili baada ya kozi. Alikuwa na miaka miwili ya maumivu, endometriosisi (tishu kama za ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake) iliyokwisha kufanyiwa upasuaji, na hakuwa amekaa kwenye kiti kigumu kwa muda mrefu. Ziara mbili za kwanza tulizungumza, tukapima mgongo, mapaja na tumbo, tukafanya kazi ya pumzi. Ziara ya tatu alisema yuko tayari. Nilipofika upande wa kulia, karibu na saa tisa, akasema acha. Niliacha papo hapo, nikavua glovu, nikamfunika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia ni mara ya kwanza mtu kuacha alipomwomba aache. Ziara ya tano aliniomba mwenyewe tuendelee kutoka pale tulipoishia.

Kwa anayetaka kujiandikisha: uliza kwanza kama kuna ufuatiliaji baada ya kozi, na mkufunzi mmoja ana washiriki wangapi siku ya vitendo. Saba kwa mmoja walikuwa wengi. Mimi nimeomba nafasi kwenye kozi nyingine ya siku mbili, ya maumivu ya nyonga kwa wanaume peke yake.