Opereta moja kwa klasta nzima, au kila nemspesi na yake?

Kama unaendesha hifadhidata za PostgreSQL kwa opereta ya Percona (programu inayozisimamia badala yako) kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la mashine, yaani klasta, ukiiweka kwa faili la bundle.yaml ya kawaida inaangalia nemspesi yake tu (sehemu iliyotengwa ndani ya klasta), basi. Role na RoleBinding, yaani ruhusa zake, zinaishia humohumo, kwahiyo opereta ya timu ya malipo ikileta vurugu timu ya ripoti wala haistuki. Shida sasa, kila nemspesi inataka podi yake ya opereta (podi ndiyo inayobeba programu ikiwa inaendeshwa), na watu husahau CRD (maelezo yanayoongeza aina mpya za vitu kwenye Kubernetes) ni za klasta nzima, wote wanatumia zilezile, yaani ukizipandisha toleo kwa ajili ya timu moja umeshazigusa na nyingine, huo utengano nusu yake ni wa macho tu.

Njia ya pili ni cw-bundle.yaml: opereta moja, kwenye WATCH_NAMESPACE unaandika majina kwa koma, mfano "malipo,ripoti", ukiacha tupu inaangalia zote. Hapa lazima ClusterRole na ClusterRoleBinding (ruhusa za klasta nzima), na kwenye subjects (sehemu inayotaja anayepewa ruhusa) uweke nemspesi opereta inakokaa, ukikosea hapo logi zinajaa "forbidden" mpaka basi.

Mimi nachukua hii ya pili, ila majina nayataja, tupu siachi. Una wateja tofauti wasioaminiana kwenye klasta moja? Rudi ile ya kwanza.