Darubini ya 15x70 ya bei nafuu: uzoefu wangu na mambo ya kukagua kabla hujalipa

Hii ni ile darubini kubwa ya macho mawili iliyoandikwa 15x70, yenye prizimu za Porro (vipande vya kioo vinavyopindisha mwanga ndani), iliyovikwa raba nyeusi, uzito wake kama kilo 1.4. Nyingi hutengenezwa China na umbo lile lile huuzwa kwa majina mengi, kwa hiyo mimi sihangaiki na chapa. Kinachonihusu ni kile kipande nilichokishika, maana mbili za katoni moja zinaweza kuwa moja safi na nyingine ya kukuumiza kichwa.

Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 70 kwa 15 unapata 4.7, ndio upana wa kiduara cha mwanga kinachotokea kwenye lenzi ya jicho. Ishike umbali wa mkono ukiielekeza kwenye anga jeupe na ukitazame. Kikiwa mviringo kamili, prizimu ni za kioo cha BAK-4. Kikiwa na kingo za kijivu zinazokikata kama pembe nne, ni za kioo cha BK7, na picha itafifia pembeni. Kisha mulika tochi ndogo kwenye lenzi ya jicho kwa umbali wa sentimita 20 hivi, upime kwa rula duara linalotoka mbele. Usishangae kukuta 63 badala ya 70, kwa sababu katika hizi za bei ya chini sehemu za ndani hukata mwanga wa pembeni. Kwa bei hiyo mimi nalivumilia.

Nisichovumilia ni vile vidarubini vya kukunja vilivyopangwa Kariakoo vikiwa na maandishi 30x60. Weka rula: lenzi ya mbele haifiki hata milimita 30. Zile za zumu zinazojitangaza kukuza mara 100 ni hivyo hivyo. Ukizifikisha huko unaona giza na mtetemeko tu. Na lenzi zinazong'aa nyekundu kama taa ya breki ziache, zinarudisha nje mwanga uliotakiwa uingie.

Ugonjwa mkubwa wa 15x70 ni mirija miwili kutotazama mahali pamoja. Inaanguka mara moja safarini, prizimu inahama kidogo, basi. Funga darubini kwenye tripodi, elekeza kwenye mnara wa simu ulio kilomita moja au zaidi. Rekebisha fokasi: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione sawa, halafu funga la kushoto na umalizie kwa pete ya lenzi ya kulia. Sasa rudisha kichwa nyuma taratibu hadi uone viduara viwili vilivyoachana, na ulinganishe kilele cha mnara katika kila kimoja. Kikiwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, mrudishie muuzaji. Macho yanaweza kujikunja kuelekea puani bila shida, lakini moja kupanda na jingine kushuka hayawezi. Dakika chache tu kichwa kinagonga. Usiku kuna kipimo kikali zaidi: vuruga pete ya kulia hadi nyota iwe kisahani cha mwanga. Ile nyota kali ya jicho la kushoto inatakiwa ikae ndani ya kisahani hicho.

Kama waranti haipo, nyingi zina viskrubu vidogo chini ya raba, karibu na nyumba ya prizimu. Tumia bisibisi bapa ya fundi saa, zungusha sehemu ya nane ya mzunguko, rudi uangalie, kisha ndipo uguse tena. Anayezungusha nusu nzima kwa mkupuo hupoteza picha yote.

Bonyeza pia lenzi za macho kwa vidole. Daraja linalozishika likicheza, jicho moja litakuwa linapoteza fokasi kila ukiegemeza uso.

Kwa mkono, ishike mbele karibu na lenzi kubwa, viwiko vibane mbavu. Hata hivyo mtetemo nao unakuzwa mara 15, na baada ya dakika mbili mikono imechoka. Tundu la tripodi lipo mbele ya bawaba, limefunikwa na kifuniko cha kufungua kwa kuzungusha, lenye uzi wa robo inchi. Nunua kiunganishi cha L cha chuma; cha plastiki hujipinda na picha inaendelea kucheza kila ukigusa gurudumu. Sisi wa karibu na ikweta tuna tabu ya ziada: Mwezi na sayari hupita karibu na utosi, na tripodi ya kawaida inakulazimisha upinde shingo vibaya. Kiti cha ufukweni cha kulalia pamoja na monopodi ya kamera (stendi ya mguu mmoja) kinasaidia kuliko tripodi ya bei kubwa.

Ikitulia, inalipa. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii inaonekana wazi, na Kilimia chote kinaenea katika picha moja na nafasi inabaki. Jioni za Mei, lile kundi kubwa la nyota liitwalo Omega Centauri ni doa la mviringo lenye ukungu, nyota moja moja huzitofautishi. Zohali ni yai tu, pete zinahitaji ukuzaji mkubwa zaidi. Ukingo wa Mwezi una utepe wa zambarau, na nyota za pembeni mwa picha huvutika. Jua usilielekee kamwe.

Mchana, ikifika saa nne asubuhi joto linachezesha hewa juu ya bahari, na mlingoti wa jahazi unapindapinda hata lenzi ingekuwa ya bei gani. Kwa ndege wa bustanini haifai kabisa, chini ya mita 12 hivi haishiki fokasi.

Pwani, usiihifadhi kwenye begi lake la kitambaa. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ulivyovikausha upya. Chumvi na vumbi vipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira kabla ya kitambaa kugusa kioo. Kuvu ikishaingia kwenye prizimu, bei ya fundi inaweza kupita bei ya darubini.